Mguu Uliopooza Una Mfupa Ndani Yake: Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa kaunti za Kisii na Nyamira

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia barua moja ninyi wawili kwa sababu naishi Keroka, mji ambao kaunti zenu zimeugombania kwa miaka kwa ajili ya ushuru wake. Huku kwetu mtu hulala Nyamira na kununua dawa ya presha Kisii, na akizidiwa usiku hupelekwa kokote ambako gari limepatikana. Sina waziri mmoja wa kumnyooshea kidole. Jambo lenyewe pia ni lenu nyote wawili: watu wetu waliopigwa na kiharusi, wakanusurika, wakarudishwa nyumbani, na sasa misuli na mifupa yao inaisha kidogo kidogo katika vyumba vya ndani, huku sote tukiamini kwamba matibabu yalikwisha siku walipotoka wodini.

Sisemi kwamba hawatibiwi. Presha yao inapimwa. Wengi wana kitabu cha kliniki chenye tarehe za kurudi, na wana dawa za kumeza asubuhi na jioni. Hilo ni la kushukuru, maana uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Tumetoka mbali. Lakini mgonjwa wa kiharusi anayekuja kliniki hufungwa kile kitambaa mkononi, huandikiwa dawa, kisha huenda zake bila mtu kumwambia asimame aonekane kama anaweza kusimama. Naomba tuzungumze juu ya huko kusimama.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo ya mfupa na kujenga nyingine mahali pake, na kinachouambia mwili ujenge ni mzigo: uzito unaposhukia kisigino, msuli unapovuta pale ulipoungana na mfupa. Kiharusi hukata amri ya ubongo kwa upande mmoja. Msuli usiopata amri huanza kunyauka ndani ya wiki chache, na kadiri unavyopungua mafuta huchukua nafasi yake, hivyo kwamba paja linaweza kuonekana nene kwa macho na lisiwe na nguvu yoyote ndani. Msuli ukilegea, mfupa hauvutwi tena. Mguu usipokanyaga, mfupa haubebi tena. Ubomoaji unazidi ujenzi.

Mwaka 2000 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 40 wa kiharusi kwa mwaka mmoja, wakipima shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Waliokuwa wakitembea tangu mwanzo walipoteza kama asilimia 3 ya madini ya mfupa huo upande uliopooza. Waliobaki kwenye kiti cha magurudumu walipoteza zaidi ya asilimia 10. Katikati walikuwa wale ambao mwanzoni hawakuweza kutembea, wakajifunza upya katika miezi 2 ya kwanza. Nao walipoteza, ila si kama waliobaki kitini. Ni utafiti mdogo, wa nchi ya baridi na yenye fedha, lakini mfupa wa Mnorwe na wa Mgusii wa kwetu hufuata kanuni moja. Mnaona wenyewe tofauti inapotokea: katika miezi ile ya mwanzo, wakati mgonjwa wetu amelazwa chumbani na wageni wanaingia na mkate na sukari kumpa pole.

Mkono huumia zaidi kuliko mguu, kwa kuwa mguu mtu hulazimika kuukanyaga siku moja, lakini mkono huachwa ukining'inia. Kwa mchuma chai anayepeleka majani kiwandani Sanganyi au mchonga mawe wa Tabaka, mkono usioshika ni kazi iliyokwisha.

Kinachofuata mnakijua, maana huishia kwenye wodi zenu. Hatari ya kuvunjika nyonga kwa aliyepata kiharusi ni mara 2 hadi 4 ya ile ya mtu wa umri wake ambaye hakuugua, na mara nyingi nyonga inayovunjika ni ya upande uliopooza. Sababu ni mbili na zinakutana mahali pamoja. Mtu huangukia upande usioweza kujikinga, na upande huohuo ndio wenye mfupa mwembamba.

Sasa uwekeni mwili huo katika milima yetu. Magavana waliowateua waliipanda wakati wa kampeni na wanajua inavyoteleza. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo ambalo shamba limegawanywa hadi likabaki ukanda unaoshuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Nyumba iko juu, choo kiko chini, katikati kuna udongo mwekundu, na mvua hapa haina msimu wa kuikimbia. Kiti cha magurudumu ambacho mfadhili alileta kwa sherehe na kupigwa picha nacho hakishuki kwenye mteremko ule. Kinakaa sebuleni na kuwekewa nguo zilizokauka.

Jirani yangu mmoja, mama mzee, mong'ina kama tunavyosema kwetu, aliyefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, alifika mahali pa kutembea kwa fimbo miezi michache baada ya kiharusi. Wanawe walifurahi, na kwa haki. Kila alfajiri alishuka chooni akiwa ameshikwa na mjukuu kwa mkono ule uliopooza, kwa sababu ndio uliokuwa upande wa mtoto, na mkono wa kulia ukiwa na fimbo. Miguuni alivaa ndara za mtu mwingine, kubwa, na ya mguu mbovu ilikuwa ikimtoka kila hatua tatu au nne, naye akisimama kuitafuta kwa vidole visivyohisi vizuri. Asubuhi moja ya mvua mjukuu alivuta, bega la mong'ina likauma, mkono ukaachiwa, na mong'ina akaanguka. Nyonga ilivunjika. Hospitali aliyopelekwa ilitaka familia inunue chuma cha kuunga mfupa kwanza kabla ya kupangiwa upasuaji. Tuliitisha harambee. Alipasuliwa hatimaye, lakini hajashuka ule mteremko tena, na ile furaha ya fimbo imekwisha.

Nimeitazama njia ile mara nyingi tangu siku hiyo. Hakuna kilichohitajika pale ambacho ni cha hospitali kubwa. Ndara yenye mkanda wa nyuma. Mjukuu kufundishwa kumshika kiunoni na wala si mkononi, maana bega la mtu aliyepooza hushikiliwa na misuli ambayo haipo tena kazini, na ukilivuta linachomoka kutoka mahali pake. Vijiti viwili na boriti ya mkaratusi kando ya njia ili ashikilie. Na usiku, kiti chenye tundu na ndoo chini yake ili asishuke gizani. Seremala yeyote wa soko la Keroka anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao. Alichokosa mong'ina ni mtu wa kufika pale nyumbani mara moja, akaangalia, akasema.

Mtu huyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, au fizio kama tunavyomwita, na kwetu yuko mjini. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina zaidi ya karne moja. Ilianza mwaka 1916 ikiwahudumia askari wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Nyamira nayo ina hospitali yake ya rufaa. Sitawaomba jengo lingine, waheshimiwa; majengo mnayapenda ninyi kuliko sisi. Shida ni safari. Kumpeleka mgonjwa aliyepooza kwa fizio mara mbili kwa wiki kutoka Esani au Nyamache ni kumbana kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu, mguu mmoja ukining'inia karibu na bomba la moshi, kwenda na kurudi, na kulipa nauli ya watu wawili. Familia hujitahidi wiki kadhaa, halafu huacha. Kwenye faili ataandikwa kuwa hakurudi, na faili haiulizi kwa nini.

Kuna pia jambo la kwetu wenyewe ambalo siwezi kulificha nikiwalaumu ninyi. Mgonjwa wa kiharusi Gusii huheshimiwa kwa kulazwa. Akijaribu kuinuka, wanne wanamkimbilia: kaa, mzee, pumzika, utaanguka. Analishwa ingawa mkono mzima unaweza kushika kijiko. Anaogeshwa ingawa angeweza kuosha uso. Mapenzi hayo yanammaliza. Na kuna nyumba ambazo bado zinaamini mtu ametupiwa kitu, basi wiki za mwanzo, ambazo ndizo za thamani, zinapotea kwa waganga, na wakati mwingine anatafutwa bibi kizee wa kulaumiwa. Mnakumbuka Marani, Oktoba 2021, wanawake wanne walivyouawa kwa tuhuma za uchawi. Inashangaza, kwa sababu hawa hawa Abagusii walikuwa na omobari, fundi wa kupasua fuvu la kichwa, tangu kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa hapa. Watu waliothubutu kufungua kichwa ili kumtibu mtu hawakupaswa kuogopa kumsimamisha.

Basi ni nini kinachosaidia? Mazoezi ya nguvu, yanayoongezwa taratibu. Kwa muda mrefu hata baadhi ya wataalamu waliogopa kwamba kuutumikisha msuli uliopooza kungeuzidishia ukakamavu. Tafiti zimeonyesha kuwa sivyo: nguvu huongezeka na ukakamavu hauzidi. Kuinuka kitini na kuketi, mara kumi, asubuhi na jioni, uzito ukigawanywa kwa miguu yote miwili na wala si kuelemea mguu mzima. Kusimama ukishika meza, kisigino kikiinuka na kushuka. Kupanda ngazi moja na kurudi. Hivi ndivyo mfupa unavyopata mzigo wake. Siyo dakika tano za kunyooshewa vidole na muuguzi huku mgonjwa amelala chali.

Haraka nayo ina mipaka. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,104 katika nchi 5, Australia na Uingereza zikiwemo, kuhusu kumtoa mgonjwa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza na kumfanyisha mazoezi mengi. Waliofanyiwa hivyo walipona vibaya kidogo kuliko waliosubiri na kwenda polepole. Kwa hiyo siwaombi wauguzi wawakurupushe watu usiku wa kwanza. Naomba ya siku ya pili, ya wiki ya pili, na hasa ya mwezi wa pili, ambapo kaunti huwa imeshamsahau.

Najua jibu linalokuja haraka mezani mwenu: familia ifundishwe, imalizie nyumbani. Ni rahisi na halina mshahara. Lakini India walilijaribu kwa uzito katika hospitali 14, na wagonjwa 1,250, wakatangaza matokeo mwaka 2017. Ndugu wa mgonjwa alifundishwa na wataalamu, mgonjwa akarudi nyumbani na ratiba ya mazoezi. Baada ya miezi 6 vifo na utegemezi vilikuwa sawa na vya wale waliopewa huduma ya kawaida. Mimi sisomi hapo kwamba familia haina maana. Nasoma kwamba mtoto wa mgonjwa, mwenye ng'ombe wa kukamua na watoto wa kupeleka shule, hawezi kugeuzwa kuwa fizio kwa mafunzo ya siku chache, na kwamba serikali inayomkabidhi kazi hiyo imejiondolea mzigo tu. Familia ni ya kusaidia fizio. Haiwezi kuwa badala yake.

Hapa ndipo mna kitu mkononi ambacho wengine hawana. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliokabidhiwa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari na mizani, kila mmoja akiwa na kaya kama 100. Nusu ya posho yao inatoka katika kaunti zenu. Wanafika mahali ambapo gari la wizara halifiki. Wanapima presha ya mgonjwa wa kiharusi na kuiingiza kwenye simu. Waongezeeni jambo moja la kupima: aketi kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5, simu ikihesabu sekunde. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, nguvu ya miguu imepungua na fizio aitwe. Kipimo hiki kinatumika duniani kutambua udhaifu wa misuli, na gharama yake ni kiti. Mashine za kupima madini ya mifupa ziko katika hospitali chache nchini, nyingi zikiwa Nairobi, hatuwezi kuzingoja.

Na fizio huyo akiitwa, awe karibu. Muwe na siku ya fiziotherapia katika vituo vya afya, hata mara moja kwa wiki kwa kupokezana, iangukie siku ileile ya kliniki ya presha na sukari ili nauli iwe moja. Keroka, Keumbu, Nyansiongo, Ogembo, Ekerenyo, Kenyenya, zote zina hospitali na watu wa kusubiri. Sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa kuboresha vituo imeviruhusu vituo kubaki na pesa vinazokusanya. Kununua reli za kushikilia, mikanda ya mazoezi na fimbo za miguu minne si jambo la kungoja mfadhili. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina kampasi Kisii, na Chuo Kikuu cha Kisii kinafundisha masomo ya afya. Wanafunzi wapelekwe vijijini, wakaone choo kilipo kabla ya kumwandikia mgonjwa ushauri.

Kuhusu karatasi ya kutoka hospitalini: mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani na orodha ya dawa peke yake. Iandikwe anaweza kufanya nini, nani atamtembelea, lini, na namba ya kituo cha karibu. Wenye degedege baada ya kiharusi wanaopewa fenitoini au fenobabitoni kwa miaka wafuatiliwe zaidi, maana dawa hizo hupunguza vitamini D na kuudhoofisha mfupa ambao tayari una shida. Wasiziache, waangaliwe. Aidha maafisa wenu wawaambie watu kwamba aliyebaki na ulemavu baada ya kiharusi anaweza kupimwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi hudhani usajili ule ni wa waliozaliwa hivyo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya vifaa vya kumsaidia, na Jedwali la Nne linaweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwenu.

Juu ya chakula nitasema machache, kwa sababu Gusii hatukosi. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula, mboga za chinsaga na rinagu ziko nyuma ya nyumba, omena huliwa na mifupa yake. Kosa letu ni kumpa mgonjwa uji na chai ya rangi tu kwa sababu daktari alikataza chumvi, na maziwa yote kuyapeleka kwa mnunuzi. Msuli haujengwi na chai. Yai, maharagwe, maziwa, na kiti nje juani badala ya chumba chenye pazia. Lakini hata chakula bora hakimsaidii mtu ambaye hasimami. Kalsiamu huingia mwilini, ikakosa mfupa unaoihitaji.

Waheshimiwa, makadirio ya bajeti zenu hufikishwa mbele ya mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inawataka mtusikilize kabla ya kupitishwa. Tutafika kwenye vikao vya maoni ya umma, Keroka tutafika pande zote mbili, na tutatafuta mstari mmoja: fiziotherapia katika vituo vya afya, na kiasi cha shilingi mbele yake. Ukikosekana tutauliza kwa sauti ni nani aliyeuondoa. Ukiwemo, tunaomba msisubiri uzinduzi wala hema. Mtumeni fizio wa kwanza Jumatatu, na mwambieni aje na viatu vya matope.

Wenu,
Mkaazi wa Keroka